Saa Kumi na Tisa za Kijani

1

Jiwe la ukubwa wa ndoo lilidondoka kutoka juu, likatua hatua moja kutoka kwenye goti langu, nami sikushtuka.

Nilikuwa nimelala kifudifudi ndani ya shimo namba sita, mkono mmoja tumboni mwa mashine iliyokwama, natafuta nati kwa kupapasa. Vumbi lilipotulia niliendelea kupapasa.

Mwambungu alimulika taa. Huyu ndiye mwenzangu, tunaingia shimoni wawili wawili tangu hatujaoa.

"Umeliona?" akauliza.

"Nimeliona."

"Lingekutoa ubongo."

"Lingenitoa."

"Haya, nipe spana ya kumi na saba."

Basi, mazungumzo yakaisha. Ungedhani tunaongelea mvua ya nchi nyingine.

Kazi yetu hapa Itandula ni kunasua. Madini ya betri yanachimbwa na mashine, zenyewe kwa zenyewe, hazihitaji mtu. Ila mashine ikibanwa na mwamba haijui kujinasua, na wakubwa wamepiga hesabu zao wakaona mashine haipotezwi, bora atumwe mtu. Ndio sisi. Mimi nina darasa la nne na mabega mapana. Hiyo ndiyo sifa iliyotakiwa.

Zamani mwamba ukimkosa mtu kidogo namna ile, tulikuwa na desturi yetu. Tuliiita kumshusha. Tunamtoa nje, tunapindua karai, tunamkalisha juu yake. Wawili wanamshika mabega kwa nyuma, mmoja anakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Hakuna kuongea, hakuna pole, hakuna chai. Anatetemeka weee, meno yanagongana, wengine wanajikojolea na hakuna anayecheka. Tunamshika tu mpaka mwili wake umalize. Akishamaliza ataomba maji mwenyewe. Mtu akiomba maji, ameshuka. Kesho yake anaingia shimoni mzima.

Wakubwa wakasema tunapoteza nusu zamu. Wakaleta Kitulizi, kidude cha ukubwa wa punje ya hindi, kinapachikwa nyuma ya sikio na mguu wake unazama shingoni. Sisi tunamwita kupe. Tangu watupachike, sijaona karai likipinduliwa.

Mchana ule, wakati wa uji, nilikaa peke yangu nikatazama mikono yangu. Mikavu, imetulia, kama ya mtu aliyelala. Nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya muda mrefu. Nilitaja jina la mke wangu kwa sauti.

"Tusekile."

Nikasubiri.

Hakuna kilichokuja. Mwanamke niliyeishi naye miaka thelathini na moja, aliyefukiwa na tope la bwawa lao miaka miwili iliyopita, na jina lake likapita kinywani mwangu kama nimetaja kituo cha basi. Niliogopa. Hapana, nasema uongo, sikuogopa, na hilo ndilo lililonifanya niache uji pale pale niende zahanati.

2

Nesi wa pale ni Hedwiga, binti mwembamba wa Songea, akiwaza anabofyabofya kalamu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mtoe huyu mdudu."

"Amekufanya nini?"

"Amenifanya nisisikie kitu. Jiwe limenikosa leo, na mimi nipo tu kama gogo."

Akaniwekea waya nyuma ya sikio, akageuza kioo chake nikaona. Kulikuwa na mistari miwili. Wa juu ulikuwa wa kijani, umelala kama maji kwenye beseni. Wa chini ulikuwa mwekundu, na mahali fulani ulikuwa umeruka juu, unachomachoma kama miiba.

"Hapa ni saa nne na dakika kumi asubuhi," akasema. "Hapa mwili wako ulipiga yowe."

"Mimi sikupiga yowe."

"Wewe hukupiga. Mwili ulipiga." Akanionyesha kwa kalamu shingoni mwake mwenyewe. "Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unatoka kichwani, unapita hapa, unakwenda moyoni mpaka tumboni. Hatari ikitokea, habari inapanda na kushuka humo. Kupe amekaa njiani. Anaisikia, halafu anaizima kabla haijakufikia. Huu mstari wa chini ni mwili unavyosema. Wa juu ni unavyoruhusiwa kusema."

"Na hilo yowe likizimwa linakwenda wapi?"

Kalamu ikabofya mara tatu.

"Haliendi popote, baba. Meno yako ya nyuma mawili yalivunjika vipi?"

"Nayasaga nikilala."

"Na tumbo?"

"Linawaka."

"Na hiyo shingo huigeuzi mpaka ugeuze na kifua. Limebaki humo. Mwili hauna kalenda. Jambo ukilizuia lisimalizike, kwake linatokea leo, na kesho linatokea tena."

"Kwa hiyo sijapona."

"Hujapona. Umenyamazishwa."

Halafu nikauliza swali ambalo niliona ni jepesi. Niliuliza kwa kutaka kufarijiwa, kusema kweli. Tusekile alikuwa kiwanda cha kuoshea madini, chini ya bwawa la tope. Wao walipachikwa kupe mapema, mwaka mmoja kabla yetu, baada ya mkanda kumkata mwenzao mkono. Bwawa lilipopasuka, wakubwa walituambia wote kumi na mmoja walikufa papo hapo, hata hawakujua kilichowapiga. Maneno hayo niliyashika kama fimbo miaka miwili yote.

"Mke wangu naye alikuwa na kupe," nikasema. "Yeye dakika ile mstari wake ulionyesha nini?"

Hedwiga akainuka akafunga mlango kwa komeo. Alirudi akakaa, mikono katikati ya mapaja.

"Mimi ndiye niliyempachika," akasema. "Alikuwa ananichekesha. Alivaa buti la njano, juu amelitoboa kwa msumari wa moto akapitisha kitambaa cha kitenge, ati wasimwibie."

"Ndiye. Nesi, mstari wake."

"Baba, haikuwa dakika."

"Ilikuwa nini?"

"Saa kumi na tisa."

Nilimsikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia.

"Alikuwa chumba cha pampu, na wenzake wawili. Tope lilifunika juu, ndani kulibaki hewa. Kumbukumbu zote ziko humu, hakuna aliyezifuta kwa sababu hakuna aliyezifungua ila mimi. Mstari wa chini..." akashindwa. "Mstari wa chini siwezi kukuonyesha. Wa juu ulikuwa kijani. Saa zote kumi na tisa. Na ubao wa uokozi unasoma wa juu."

Acha nieleze huo ubao, maana ndio uliomuua. Ofisi ya usalama wana kioo kikubwa ukutani, kila mfanyakazi ni nukta. Kijani ni mtu salama. Njano ni mtu mwenye wasiwasi. Nyekundu ni mtu hatarini. Nukta ikiwaka nyekundu, ndipo ubao unaonyesha mtu yuko wapi, na mafuko wanatoka wenyewe bandani. Hao ni mashine za uokozi, zinachimba kama fuko wa shambani, hazingoji amri ya mtu. Waliziunda hivyo kwa sababu nzuri, kuna bosi mmoja zamani alichelewesha amri watu wakafa. Kwa hiyo sheria ikawa hii: nyekundu inawaka, fuko anachimba, hakuna wa kumzuia.

Mkubwa mmoja alitengeneza ubao unaosikiliza hofu. Mkubwa mwingine akaleta kupe anayeziba hofu mdomo. Wakapongezana wote wawili. Na katika wasomi wote wale hakuna hata mmoja aliyekaa chini akaviweka pamoja vitu hivyo viwili. Mimi wa darasa la nne ningewauliza.

Siku ile nilikuwa getini. Tulikuwa mamia, tunalia, tunasukuma waya. Kiasi cha saa tisa alasiri akatoka Bwana Kihwele, meneja, na kipaza sauti. Akasema, "Ndugu zangu, ubao hauna nyekundu hata moja! Waliobaki ni kijani, wako salama, pengine wamekimbilia mlimani! Rudini nyumbani!"

Nilipiga makofi.

Mke wangu alikuwa mita sita chini ya tope, yu hai, na mimi nilipiga makofi.

Pale zahanati nilingoja niangushwe na habari ile. Moyo wangu ulipiga taratibu kama wa mtu anayesubiri ugali uive. Nilitaka kulia, nikakaza uso, uso ukakataa. Ndipo nikaangalia kioo, maana waya ulikuwa bado sikioni. Mstari wa chini ulikuwa unarukaruka, mwekundu, umejaa kioo juu mpaka chini.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

"Ni wewe, baba."

Nikajiona ninavyolia. Nilijitazama kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani.

Mwishowe nikasema, "Chumba cha pampu kiko wapi sasa?"

"Chini ya bustani. Pale kwenye mlingoti wa bendera."

Walisawazisha tope, wakapanda nyasi juu, wakaweka viti vya saruji na kibao: Bustani ya Utulivu. Tuliomba kufukua, tukaambiwa ardhi haijatulia, na wafu wamepumzika.

"Unaweza kumziba mdomo kupe, ukamwachia masikio?"

Hedwiga alinielewa mara moja. Nilimwona anavyoelewa.

"Naweza kuzima kutuliza nikaacha kusikiliza. Lakini una miaka hamsini na tisa. Miaka miwili itakuja kwa mkupuo. Moyo unaweza kukataa."

"Na usipokataa?"

"Utakuwa nyekundu."

3

Nilimwambia Mwambungu kesho yake, tukiwa bombani tunafua ovaroli. Sikutaka kumficha. Alisikiliza bila kuacha kusugua.

"Usifanye," akasema.

"Kwa nini?"

"Watu watauliza. Wataambiana. Wataanza kumng'oa kupe mmoja mmoja. Hapa tuko mia nne na sita, Lugano. Wanalala. Mama Gwantwa wa pale juu alikuwa anapiga kelele mpaka majirani wanahama. Sasa hivi ana kupe, anauza maandazi."

"Na bwawa la pili likipasuka? Lipo pale, limejaa. Tutakuwa kijani wote."

"Likipasuka tutakufa. Leo tunalala."

"Mwambungu."

"Usiniite kwa sauti hiyo." Aliweka sabuni chini. "Wakubwa walipotafuta watu wa kuzoa tope, nani alikwenda? Mimi nilizoa watu wanane kwa koleo. Kwa koleo, ndugu yangu. Wewe ndiye uliyenikuta darini na kamba, wewe ndiye uliyeikata. Ukinitoa kupe, unanirudishia kamba yangu mkononi. Sema kama si hivyo."

Anayetaka kunihukumu kwa nilichofanya, aanzie hapo bombani.

"Tungemshusha kila mtu," nikasema. "Kama zamani. Kwenye karai."

"Watu mia nne? Nani atamshika nani?"

Akakamua ovaroli yake, akaondoka, hakuaga.

4

Jumanne, saa sita mchana, watu wakiwa kwenye uji, nilikwenda Bustani ya Utulivu na Hedwiga. Nilikaa kwenye nyasi, mgongo kwenye mlingoti. Alinibandika kidude chake cha kumwamuru kupe nyuma ya sikio.

"Baba, una hakika?"

"Bofya, mwanangu."

Mwanzoni nilisikia ndege. Nilikuwa sijasikia ndege miaka miwili. Kisha harufu ya tope ikaja, tope bichi, ingawa nyasi zilikuwa kavu. Vidole vya mguuni vikaanza kufa ganzi. Halafu goti likaruka lenyewe. Nililitazama kwa mshangao, nikalishika, na mkono ulioshika ukaanza kuruka pia.

Likaja. Sijui nilieleze vipi. Taya liligonga mpaka nikauma ulimi. Kifua kilifungwa kwa kamba, pumzi ikawa inaingia haitoki. Lile jiwe la shimo namba sita lilianguka upya, na kabla yake lingine, na kabla yake king'ora, geti, waya, kipaza sauti, makofi yangu. Makofi yalirudi kila mara. Nilisikia mtu anabweka kama mbwa aliyegongwa, nikajua ni mimi.

King'ora kikalia kwenye ofisi ya usalama. Nyekundu moja, kwenye mlingoti wa bendera.

Mafuko wakaja. Watatu, wanene kama matrekta, kila mmoja na taa nyekundu kichwani. Walinipita, wakanizunguka kwa adabu, wakaanza kuchimba kando yangu, kwa sababu chombo chao kiliwaambia kuna mtu hatarini na juu ya ardhi hawakuona kilichombana. Mashine haina akili ya kuuliza. Zilichimba chini.

Bwana Kihwele alifika anakimbia, tai begani.

"Nani kaamuru hizi? Zimeni!"

"Hazizimiki, bosi," mtu wa usalama akamjibu. "Kuna nyekundu."

"Nyekundu nani?"

"Mzee Lugano."

Akapiga magoti mbele yangu na suruali yake nzuri. "Mzee wangu, tulia. Tafadhali. Vuta pumzi, mzee wangu, tulia. Nesi! Mtulize huyu!"

"Kidude kimezima," akasema Hedwiga, amekikalia.

"Mzee, unataka nini? Sema tu."

Nilitaka kumwambia. Meno hayakuniruhusu.

Watu walikuwa wanakuja na vikombe vyao vya uji, wanasimama pembeni. Nyuso zao zote zilikuwa tulivu. Mamia ya watu wanatazama shimo linavyofunguka katikati ya bustani, mzee anabweka, na hakuna aliyekunja hata nyusi. Hilo lilinitisha kuliko tope.

Hapo mtu akapenya. Mwambungu. Kichwani amebeba karai.

Alilipindua, akanishika kwapani akanikalisha, akazunguka nyuma, akaniwekea mikono mabegani. Mikono mizito, haina haraka. Mwili wangu uliikumbuka mikono ile. Pumzi ikatoka, ya kwanza kutoka yote. Bega likashuka. Ee Mungu, nilikuwa nashuka.

Fuko wa karibu akanyamaza. Taa yake ilikuwa njano.

Wa pili akasimama. Njano.

"Ahsante, ahsante," Bwana Kihwele akawa anasema. "Mshike hivyo hivyo, bwana."

Mwambungu aliitazama taa, akanitazama. Nadhani tulijua wakati mmoja. Nikipona sasa, mafuko wanaondoka.

"Ni-a-che," nikamwambia.

"Utakufa, Lugano."

"Niache!"

Akaondoa mikono. Sijawahi kuona mtu anaondoa mikono kwa shida namna ile. Nikafumba macho, nikarudi getini kwa miguu yangu mwenyewe, nikajisikiliza nikipiga makofi. Taa zikawa nyekundu. Udongo ukaanza kuruka tena.

Nilikaa huko kiasi cha saa mbili. Mara mbili Hedwiga alinishika mshipa wa mkono akasema tuache, na mara zote mbili nilikataa kwa kichwa. Mwambungu alikaa mbele yangu, magoti yake karibu na magoti yangu, hayagusi.

Kisha chuma kikagonga saruji. Fuko alimega paa la chumba cha pampu kama mtu anavyofungua kopo, akashusha taa yake ndani, kijani cha ukuta wa zamani kikaonekana. Watu wakasogea ukingoni. Mimi nilitambaa.

Walikuwa watatu, wamekaa chini, migongo ukutani, wamepangana kama watu wanaongoja zamu yao kliniki. Kilichobaki kilikuwa mifupa na ovaroli. Wa katikati alikuwa na buti la njano lenye kitambaa cha kitenge.

Kando ya kichwa chake lilipita bomba la chuma lililopanda hadi juu na kutokea getini, ambalo siku ile niliegemea mgongo nikiwa nalia. Ukilipiga bomba lile kwa kitu kizito, geti zima lingesikia. Na spana ilikuwapo. Kubwa, ya kumi na saba na zaidi, imening'inia kwenye msumari wake, mahali pake, imejaa kutu. Hakuna aliyeishusha. Hawakuwa na sababu. Walikuwa wametulia.

Bwana Kihwele alifungua kinywa kikabaki wazi. Nyuma yangu kikombe cha uji kilianguka. Niligeuka kuona ni nani, nikaona ni Mama Gwantwa, ameweka mkono nyuma ya sikio lake, anapapasa. Na mwingine kando yake. Na mwingine.

Mwambungu naye mkono wake ulikuwa huko. Hedwiga alimwendea, amekishika kidude.

"Mimi bado, nesi," akamwambia, polepole. "Naogopa kamba yangu. Kesho niulize tena."

Nikarudi kwenye karai, nikakaa mwenyewe.

"Sasa nishike," nikasema.

Alinishika. Mtu mwingine akaja bega la pili, sikugeuka kuona nani. Mbele yangu akakaa Mama Gwantwa, magoti kwa magoti, ingawa zamani wanawake hawakukaa. Taa za mafuko zikawa njano, kisha kijani, wakazima, na hakuna aliyezitazama. Nilitetemeka. Nililia kwa uso wangu mwenyewe, kamasi na kila kitu. Hakuna aliyesema pole, hakuna aliyeleta chai.

Ilikuwa alasiri nilipoomba maji.